Je, wajua kwa nini virusi vilevile humdhuru pacha mmoja na kumwacha mwenzake?

Mimba moja, virusi vilevile. Watoto wawili wanazaliwa siku moja: wa kwanza ana kichwa kidogo kupita kawaida kwa sababu ubongo wake haukukua ipasavyo, na wa pili hana alama yoyote ya ugonjwa. Hayo yaliwakuta akina mama kadhaa nchini Brazili wakati wa mlipuko wa Zika wa mwaka 2015 na 2016.

Virusi vya Zika huenezwa na mbu aina ya Aedes. Viligunduliwa mwaka 1947 kwa nyani aliyewekwa katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda. Mtu mzima akiambukizwa hupata homa ya siku chache, vipele na macho mekundu, na wengi hawajui hata kama waliugua. Kwa mtoto aliye tumboni ni jambo jingine kabisa, maana virusi hivyo hushambulia seli changa zinazojenga ubongo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watoto 100 wa mama walioambukizwa wakiwa wajawazito, 5 hadi 15 ndio wanaopata madhara. Hao wengine wameponaje?

Jibu la haraka ni umri wa mimba. Mwaka 1941, daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wengi wachanga wenye mtoto wa jicho, akabaini kwamba mama zao waliugua rubela, ugonjwa mwingine wa virusi, mimba ikiwa changa. Mama akipata rubela katika wiki 12 za mwanzo, uwezekano wa mtoto kudhurika unaweza kufika asilimia 90. Baada ya wiki ya 20, madhara huwa nadra.

Lakini pacha wana umri mmoja wa mimba, na mama yao ni yuleyule. Hapo jibu la umri linakwama.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo, akiwemo Mayana Zatz, walichunguza jozi 9 za pacha na kutoa matokeo yao mwaka 2018. Jozi 2 zilikuwa za pacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zilezile, na katika jozi zote mbili watoto wote waliathirika. Jozi 7 zilikuwa za pacha wasiofanana, ambao jeni zao hutofautiana kama za ndugu wengine wowote. Katika 6 kati ya hizo, aliathirika mmoja tu.

Msomaji makini atauliza: je, si kondo la nyuma? Pacha wasiofanana kila mmoja huwa na kondo lake, na pengine la mmoja lilivizuia virusi na la mwenzake likashindwa. Ni swali la haki, na ndiyo maana watafiti hawakuishia kuhesabu watoto. Walichukua seli za damu za jozi 3, wakazirudisha nyuma hadi zikawa seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kisha wakazikuza ziwe seli changa za ubongo. Zikiwa kwenye vyombo vya maabara, bila mama wala kondo, zikatiwa virusi vya Zika. Virusi vilizaliana zaidi ndani ya seli za mtoto aliyeathirika, na seli zenyewe zikadumaa kuliko za pacha wake. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha habari yote: udhaifu ule mtoto alikuwa nao tayari ndani ya seli zake, kabla mbu hajamuuma mama yake. Mama hakukosea kula wala kulala, na wanaomnyooshea kidole wanamwonea.

Hakuna jeni moja iliyokamatwa kuwa ndiyo mkosaji. Kilichoonekana ni jeni nyingi zilizofanya kazi kwa viwango tofauti kati ya pacha hao, zikiwemo zinazoongoza ukuaji wa seli za ubongo. Kwa hiyo hakuna kipimo cha kumwambia mjamzito kwamba mwanawe ni wa kundi hili au lile. Kinga inabaki kuwa ya wote: kuepuka kuumwa na mbu, mchana pia, kwa kuwa Aedes huuma mchana. Zika bado haina chanjo iliyoidhinishwa. Rubela inayo, nayo huchomwa angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba.