Kidato cha kwanza: Kiswahili kipangwe ndani ya somo, kisijifiche

Kila Januari, wanafunzi wa Tanzania waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta Biolojia, Jiografia, Fizikia na Hisabati vikifundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu 1967. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kiingie pia sekondari kuanzia 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mjadala wa sera una mahali pake. Makala haya yanamlenga mwalimu anayesimama Jumatatu saa mbili asubuhi mbele ya wanafunzi sitini au zaidi, na ambaye hawezi kusubiri mjadala huo uishe.

Katika darasa moja nililokwenda kutazama ufundishaji wa Biolojia, mwalimu aliwataka wanafunzi wachore "table" ya kutofautisha mimea na wanyama. Msichana aliyeketi mbele yangu alichukua rula na, kwa uangalifu mkubwa, akachora meza yenye miguu minne, akaweka ua upande mmoja juu ya meza hiyo na ng'ombe upande wa pili. Alipata sifuri. Nilipomuuliza kwa Kiswahili mimea na wanyama wanatofautiana vipi, alinitajia tofauti tatu bila kusita, ya kwanza ikiwa kwamba mimea hujitengenezea chakula chake na wanyama hawawezi. Majedwali alikuwa ameyachora tangu shule ya msingi. Alichokosa ni taarifa moja tu, kwamba neno la Kiingereza alilofundishwa kuwa ni meza ndilo hilohilo linalotumika kwa jedwali, na hakuna mtu aliyekuwa amempa taarifa hiyo.

Mtaalamu wa Canada, Jim Cummins, alieleza mwaka 1979 tofauti kati ya lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kitaaluma, yaani ile ya kufafanua, kulinganisha na kutoa sababu. Utafiti wake kuhusu watoto wa wahamiaji nchini humo ulionyesha kwamba ya kwanza inaweza kupatikana kwa takriban miaka miwili, ilhali ya pili huhitaji miaka mitano hadi saba. Mtoto yule wa Canada alikuwa akisikia Kiingereza barabarani, dukani na kwenye televisheni, ilhali wanafunzi wetu wengi hukisikia darasani tu. Kidato cha kwanza hadi cha nne ni miaka minne. Kwa hesabu hiyo, kozi ya wiki chache ya kuwaandaa wanafunzi mwanzoni mwa mwaka ina manufaa, lakini haiwezi kubeba mzigo wote, na mwalimu wa Fizikia hana budi kukubali kwamba yeye pia ni mwalimu wa lugha ya Fizikia.

Cummins alisisitiza pia kwamba maarifa ya lugha mbili hukaa juu ya msingi mmoja. Anayeelewa usanisinuru, yaani jinsi mimea inavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa Kiswahili hahitaji kuuelewa upya kwa Kiingereza. Anahitaji maneno na miundo ya sentensi ya kuueleza. Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa la madarasa yetu, na kosa hilo si matumizi ya Kiswahili, kwa maana walimu wengi wanakitumia tayari. Wanakitumia kwa kificho. Mwalimu anasoma maelezo kwa Kiingereza, anaona nyuso zimeduwaa, anaeleza haraka kwa Kiswahili, wanafunzi wanaelewa, kisha anarudi ubaoni na kuandika muhtasari wa Kiingereza ambao wanaunakili hadi kengele inalia. Uelewa umebaki kwenye Kiswahili, maandishi yamebaki kwenye Kiingereza, na mtihani utakapokuja njia pekee aliyobaki nayo mwanafunzi ni kukariri.

Kiswahili kinachopangwa hufanya kazi tofauti. Chukua vipindi viwili mfululizo vya Fizikia, dakika 80, kuhusu kuelea na kuzama. Mwalimu anaweka yai bichi katika bilauri ya maji, nalo linazama. Anakoroga vijiko kadhaa vya chumvi, na yai linapanda juu. Wanafunzi wanajadili sababu katika vikundi vidogo kwa Kiswahili, na mmoja atasema, kama nilivyosikia mara nyingi, kwamba "maji yamekuwa mazito". Kauli hiyo ni dhahabu. Mwalimu anaiandika ubaoni, anauliza kama maji hayo ni mengi zaidi au yamebeba vitu vingi zaidi katika nafasi ileile, na kutoka hapo anafikia neno "density". Pembeni anaandika maneno sambamba: kuelea, "float", kuzama, "sink", ujazo, "volume", akitahadharisha kwamba hili la mwisho ndilo wanaloliona pia kwenye kitufe cha sauti cha redio. Kisha anatoa mwanzo wa sentensi, "The egg floats because", na kila mmoja anaumalizia kwa Kiingereza katika daftari lake.

Wiki inayofuata mwanzo wa sentensi unafupishwa, na baadaye unaondolewa kabisa. Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki 1934, alieleza kwamba mtoto hujifunza katika nafasi iliyopo kati ya kile anachoweza peke yake na kile anachoweza akisaidiwa, na mwaka 1976 Wood, Bruner na Ross waliufananisha msaada huo na jukwaa la mirunda ambalo fundi huliondoa ukuta ukikauka. Utaratibu wa kupokea maarifa kwa lugha moja na kuyatoa kwa lugha nyingine ulielezwa na Cen Williams mwaka 1994 kutokana na shule za Wales, ambako watoto husoma kwa Kiwelshi na Kiingereza.

Wanafunzi hawafanani. Katika dawati moja anaweza kukaa aliyesoma shule ya msingi ya Kiingereza pamoja na aliyekulia kwenye Kisukuma au Kimaasai, ambaye Kiswahili chenyewe alikikuta shuleni. Wa kwanza asiachiwe kusema kwa niaba ya kikundi kizima, na wa pili asikatazwe kumnong'oneza mwenzake kwa lugha ya nyumbani. Adhabu za kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili ziachwe kabisa, kwani humfanya mtoto anyamaze, na aliye kimya hajifunzi lugha yoyote.

Vilevile swali la "mmeelewa?" au "hamjaelewa?" halipimi kitu. Kwa Kiswahili, anayeulizwa "hamjaelewa?" akijibu "ndiyo" ana maana kwamba kweli hajaelewa, kwa Kiingereza, "yes" kwa swali kama hilo humaanisha ameelewa. Darasa likiitikia kwa pamoja, mwalimu hawezi kujua limejibu kwa mantiki ya lugha ipi. Sentensi moja iliyoandikwa na kila mwanafunzi humweleza zaidi.

Katika kusahihisha sentensi hizo, alama ya dhana itenganishwe na alama ya lugha. Mwanafunzi akiandika "A plant make his food using sun", dhana ipo na astahili alama yake. Kosa la "his" linatoka kwenye Kiswahili, ambacho husema "chakula chake" kwa mti, kwa mama na kwa baba, na likielezwa hivyo kwa dakika moja litaeleweka. Kosa la "make" linahitaji mazoezi ya wiki kadhaa. Mwalimu aandike pembeni ya sentensi hiyo, kwa Kiswahili akipenda: hoja yako ni sahihi, sasa tuirekebishe sentensi.