Moyo uliotanuka na mapigo ya ovyo: nani kamwanza mwenzake?

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na daktari mwenzangu: "Mzee moyo umetanuka, ndiyo maana mapigo yanakwenda ovyo. Tibu moyo, mapigo yatatulia yenyewe." Nikameza mate.

Si uongo wote. Moyo ukishindwa, shinikizo hurudi kwenye atiria (vyumba vya juu vya moyo), zinatanuka, zinaota makovu, umeme unapotea njia. Hilo tunakubaliana.

Kinachoniudhi ni kutouliza upande wa pili. Moyo hujaa damu unapolegea. Ukikimbia mapigo 140 kwa dakika usiku na mchana kwa wiki kadhaa, muda wa kulegea unakwisha, unasukuma kilichopo. Atiria nazo zinatetemeka badala ya kukamua, kwa hiyo ule mkamuo wa mwisho wa kujazia ventrikali (vyumba vya chini) haupo tena. Misuli inachoka, moyo unatanuka, na kwenye eko (kipimo cha ultrasaundi ya moyo) picha ni ileile! Nimewahi kuona EF (asilimia ya damu ambayo ventrikali husukuma nje kila pigo) ya 25 ikapanda hadi 50 baada ya kushusha mapigo tu, kwa mtu aliyekwisha kuandikiwa "moyo mkubwa, chanzo hakijulikani". Chanzo kilikuwa kinagonga kifuani pale pale.

Lakini siku ya kwanza sijui kama nina mgonjwa wa aina hiyo. Nashusha mapigo, nampa dawa za moyo, narudia eko baada ya miezi mitatu, na hata akipona siwezi kuapa ni kipi kilichomponya. Kurudisha mdundo wa kawaida je? Utafiti wa AF-CHF wa 2008 ulisema kuurudisha kwa dawa hakuna faida ya ziada kuliko kushusha mapigo tu. CASTLE-AF wa 2018 ukasema kuunguza njia za umeme kunapunguza vifo, ila kwa wagonjwa waliochaguliwa sana. Mimi bado nayumba.

Verapamili (dawa ya kushusha mapigo) kwa EF ndogo, hapana. Mwenye vali ya mitrali (kati ya atiria na ventrikali ya kushoto) iliyobana kwa ugonjwa wa rumatiki abaki na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Na tafadhali, acheni kuamini mashine ya presha. Mapigo mengine ni dhaifu mno, hayafiki mkononi. Shika kifundo cha mkono, weka stetoskopu kifuani, hesabu dakika nzima, si sekunde kumi na tano mara nne. Mzee yule, mashine ilimsoma 88, ndiyo maana hakuna aliyehangaika naye. Kifuani nilihesabu 136.