Kwa nini kuba la Pantheon lenye tundu kileleni halijaanguka kwa karibu miaka 1,900?

Anayeingia Pantheon, hekalu la kale mjini Roma, siku ya mvua huona matone yakidondoka katikati ya sakafu ya marumaru, kwa sababu kileleni mwa kuba kuna tundu la mviringo lenye upana wa karibu mita 9, lisilo na kioo wala kifuniko. Kuba lenyewe, lenye kipenyo cha mita 43 na ushei, ni la zege tupu lisilo na nondo hata moja. Lilikamilika yapata mwaka 125, enzi za Kaisari Hadrian, na mpaka leo hakuna kuba jingine la zege lisilo na nondo linalolizidi kwa ukubwa popote duniani.

Siri kubwa iko kwenye uzito. Mafundi wa Kirumi walichanganya chokaa na jivu la volkano, mchanganyiko unaoshika na kuwa mgumu hata ndani ya maji, kisha wakawa wanabadilisha mawe ya kuchanganyia kadiri jengo lilivyopanda. Msingini waliweka travertino, ambalo ni jiwe zito. Katika kuta wakatumia mawe laini zaidi pamoja na vipande vya matofali. Na karibu na kilele wakatumia mawe ya volkano yaliyojaa vitundu, mepesi kama lile jiwe tunalosugulia visigino bafuni. Unene nao ulipungua, kutoka takribani mita 6 chini hadi zaidi kidogo ya mita 1 ukingoni mwa tundu.

Na tundu je, si udhaifu? La hasha. Sehemu ya juu ya kuba hujibana yenyewe kuelekea katikati, kwa hiyo pete ya matofali inayozunguka tundu hubanwa kutoka pande zote kwa pamoja na haina pa kwenda, huku pale ambapo pangekuwa na mzigo mkubwa wa zege pamebaki hewa. Hatari ipo chini, kwa maana sehemu hiyo hutaka kutanuka nje, na nyufa za wima zimo kweli; lakini kuta nene na vidato vya zege vilivyojengwa kulizunguka kuba kwa nje huizuia. Kukosa nondo nako kumesaidia, kwani chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani, jambo ambalo majengo yetu mengi ya leo hayaliepuki.

Hata hivyo, ufundi peke yake usingetosha. Majengo mengi ya Roma ya kale yalibomolewa na watu waliotaka mawe yake, ilhali Pantheon iligeuzwa kanisa mwaka 609, chini ya Papa Boniface IV, ikapata wa kuitunza. Shaba ya ukumbi wake wa mbele iling'olewa katika karne ya 17 kwa amri ya Papa Urban VIII. Zege la kuba halikuguswa.