Je, wajua kwa nini mgonjwa wa moyo huanza kusahau?

Mtu moyo wake umeshindwa kusukuma damu ya kutosha, ugonjwa ambao mitaani wengi huuita "moyo mkubwa". Miguu inavimba, usiku analalia mito mitatu ndipo apate kupumua. Kisha nyumbani wanaona jambo jingine: anauliza mara mbili kama ameshameza kidonge cha asubuhi, na hadithi aliyoianza inamponyoka katikati. Watu husema ni uzee. Tusikimbilie huko.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna ghala la akiba. Mwaka 2001 watafiti wa Denmark walipima wagonjwa ambao mioyo yao ilikuwa imechoka sana, wakakuta damu inayofika ubongoni imepungua kwa karibu theluthi moja. Wachache waliopandikizwa moyo mpya, damu ile ilirudi.

Moyo mpya hawaupati wengi. Pumzi, hata hivyo, hujengeka kwa mazoezi.

Hospitalini pumzi hupimwa kirahisi: korido ya mita 30, koni mbili, saa. Mgonjwa huenda na kurudi kwa dakika 6. Akichoka huegemea ukuta, na saa haisimami. Mara nyingi wanaofika mbali ndio pia wanaofanya vizuri kwenye vipimo vya umakini na kumbukumbu.

Sababu mojawapo iko miguuni. Misuli iliyozoea kutembea hukamua oksijeni nyingi kutoka damu ile ile kidogo, moyo ukapata nafuu. Mishipa nayo hulegea na kupanuka vizuri zaidi. Nchini Marekani, utafiti wa 2011 uliwafuata wazee 120 wasio na ugonjwa huu: waliotembea kwa mwaka mmoja, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka kwa asilimia 2, ilhali kwa wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha ilisinyaa.

Je, si hatari kwa moyo dhaifu? Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya wagonjwa zaidi ya 2,300, na mazoezi yaliyoanza chini ya usimamizi yalionekana salama. Kwa hiyo anza kwa daktari, kisha tembea kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, au miguu ikizidi kuvimba, siku hiyo usitembee: nenda kliniki.