Mzizi wa akonaiti si wa kuchemshia jikoni

Akonaiti haioti Unguja wala Pemba. Ni mmea wa milima yenye baridi, Himalaya na China hasa, na huku kwetu hufika mzizi wake uliokauka au unga, umechanganywa katika dawa za viungo na baridi yabisi. Kihindi ni bachnag, Kiarabu bish; Wachina huita fuzi ule uliokwisha kutayarishwa. Mzizi mzima una umbo la pia, mweusi na umekunjamana. Ukiuvunja, ndani una wanga. Usiuonje.

Sumu yake ni akonitini. Miligramu 2 zinaweza kumuua mtu mzima. Huiacha wazi milango ya chumvi ya sodiamu kwenye neva na misuli ya moyo, ndiyo maana midomo na ulimi hufa ganzi kwanza, kisha hufuata kutapika, presha kushuka na moyo kupiga ovyo. Mara nyingi huanza ndani ya dakika chache hadi saa 2.

Kwamba ni dawa, hatubishi. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinaruhusu gramu 3 hadi 15 za fuzi, lakini iliyokwisha kurowekwa na kupikwa, na hata hiyo huchemshwa tena peke yake, muda mrefu, kabla ya kutiwa dawa nyengine. Moto na maji ndivyo vinavyoivunja akonitini. Asali haiivunji, samli haiivunji, na spiriti ndiyo inayoikamua vizuri zaidi. Mizizi ya gunia moja hailingani kwa ukali, na mnene huiva nje ukabaki mbichi katikati. Kwa hiyo kijiko cha jana si kipimo cha leo. Mafuta ya kuchulia nayo yasipakwe penye kidonda wala mchubuko, kwani sumu hupita hapo. Maneno ya "cha asili hakidhuru" tuyaache, yanaua.

Kwa wafanyabiashara: kibali cha kuingiza dawa huombwa kabla mzigo haujapakiwa, si ukishafika bandari ya Malindi, Unguja, au uwanja wa ndege. Ombi liambatane na ankara, cheti cha maabara na mfano wa lebo yenye jina la kisayansi la kila mmea, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kumalizika. "Mchanganyiko wa mitishamba" si jina la kisayansi. Mzigo usio na kibali huzuiliwa, na mwenyewe huweza kufikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya Zanzibar, Na. 2 ya 2006.

Aliyekwisha kunywa na akahisi ganzi mdomoni asipewe maziwa wala dafu, asitapishwe, asisubiriwe kuona kama itapita. Dawa ya kuiondoa sumu hii haipo. Kinachookoa ni kuangaliwa moyo kwa mashine na kutibiwa mapigo yake. Kwa Unguja apelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja, au kwa Pemba hospitali iliyo karibu, Wete, Chake Chake au Mkoani, na kifurushi chake kichukuliwe pamoja naye, hata kikiwa kitupu.