Afya ya Mwenye Studio ya Dansi: Maswali na Majibu

Mwenye studio ya dansi jijini Nairobi au Dar es Salaam mara nyingi ndiye mwalimu, mhasibu, mpokea wageni na mfagiaji wa studio hiyo hiyo. Wanafunzi huja baada ya shule na kazi, hivyo kazi yake hupamba moto saa ambazo wengine wanarejea nyumbani. Majibu yafuatayo yanahusu maumivu na maradhi yanayotokana na maisha ya namna hiyo, pamoja na hatua anazoweza kuchukua bila kufunga milango.

Nafundisha madarasa matatu au manne kwa siku. Je, bado nahitaji mazoezi mengine?

Ndiyo, kwa sababu kufundisha dansi si sawa na kufanya mazoezi. Mwanafunzi hupasha mwili moto, hucheza mfululizo, kisha hujinyoosha. Mwalimu mwenye studio huketi mezani saa nzima akilinganisha ujumbe wa malipo ya M-Pesa na majina yaliyo daftarini, huinuka ghafla na kuonyesha mruko mmoja kwa nguvu zote, husimama akiwasahihisha wengine mpaka misuli inapoa, kisha huruka tena. Misuli ya kigimbi na kano ya kisigino huumia kwa urahisi zaidi mtu anaporuka mwili ukiwa umepoa, na hatari hiyo huongezeka kadiri umri unavyosogea kuelekea miaka 40. Zaidi ya hayo, walimu wengi huonyesha hatua kwa mguu ule ule mwaka mzima, kwa kuwa ndio unaowatii, na matokeo yake nyonga na kiuno cha upande mmoja hubeba mzigo wa pande zote mbili.

Kwa hiyo, tenga dakika 10 za kupasha mwili moto kabla ya darasa la kwanza, hata kama mzazi anasubiri mlangoni kuulizia karo. Badilisha mguu wa kuonyeshea kila darasa. Mruko ambao wanafunzi wamekwisha kuuelewa, uonyeshe kwa mikono au kwa nusu ya nguvu, na umwite mwanafunzi wa daraja la juu auonyeshe kikamilifu. Naye atafaidika kwa kutazamwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na hayo madarasa ya dansi hayayatoshelezi. Zoezi mojawapo linalofaa ni kusimama ukingoni mwa ngazi, kuinua visigino taratibu na kuvishusha taratibu zaidi.

Sakafu nayo ina sehemu yake. Vigae vilivyowekwa juu ya saruji havinepi hata kidogo, na kishindo chote cha mruko huishia ugokoni, magotini na kiunoni. Ikiwa uwezo wa kuweka sakafu ya mbao yenye mnepo haujapatikana, punguza idadi ya miruko na uvae viatu vyenye soli laini.

Ugoko unaniuma. Je, naweza kumeza diklofenaki na kuendelea kufundisha?

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wawe waangalifu kuliko mahali pengine popote. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu, lakini haziponyi mfupa, na mtu asiyehisi maumivu huendelea kuupiga mfupa huo sakafuni. Zikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kusababisha vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo au mwenye shinikizo la juu la damu asizitumie bila kumwona daktari. Kuna pia jambo linalowaponyoka wengi kwenye duka la dawa: baadhi ya vidonge vya maumivu huchanganya diklofenaki na parasetamoli, na anayevimeza kisha akaongeza parasetamoli nyingine kwa ajili ya kichwa anaweza kupita gramu 4 kwa siku, ambazo ndizo kikomo cha mtu mzima, na kulidhuru ini. Soma maandishi ya nyuma ya pakiti kabla ya kulipa.

Jipime mwenyewe hivi. Pitisha kidole juu ya mfupa wa ugoko au wa wayo. Maumivu yaliyosambaa kwenye eneo refu, yanayopungua mwili unapopata moto, kwa kawaida hutokana na mfupa na misuli kuzidiwa na kazi. Maumivu yaliyo mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, yanayozidi unaporuka na hatimaye kukuamsha usiku, huweza kuwa dalili ya ufa katika mfupa. Acha kuruka na umwone daktari, ukimweleza kazi yako, kwa sababu picha ya eksirei inayopigwa mapema huweza isionyeshe ufa huo. Kupona huchukua wiki 6 hadi 8 mara nyingi, na zaidi kwa anayeendelea kuukanyaga. Mwanamke anayefanya kazi nzito ya mwili huku akila kidogo, na ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi mitatu ingawa si mjamzito, amweleze daktari hilo pia, kwa kuwa hali hiyo hudhoofisha mifupa.

Kila Ijumaa sauti yangu hukauka, na usiku masikio yanavuma. Je, ni kawaida?

Hutokea mara nyingi, lakini isichukuliwe kuwa ni kawaida. Yote mawili yana chanzo kimoja: muziki uko juu, na mwalimu anapiga kelele ili aushinde. Kwa mujibu wa viwango vinavyotumiwa na wataalamu wa afya kazini, sikio linaweza kuvumilia sauti ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku; kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu, hata kufikia dakika 15 tu kwa desibeli 100. Programu ya simu inayopima sauti itakupa makadirio yanayotosha kukuamulia. Mwanafunzi hukaa humo saa moja na kuondoka, ilhali wewe hubaki jioni nzima, tena mara nyingi karibu na spika kuliko mtu yeyote.

Punguza muziki wakati wa kueleza, nunua kipaza sauti cha kuvaa kichwani, na unywe maji kidogo kidogo kati ya madarasa. Usijikohoze kila mara ili kusafisha koo, wala usinong'one kwa nguvu, kwani yote mawili huzichosha nyuzi za sauti. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu ipelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Darasa la mwisho huisha saa tatu usiku. Nile na kulala lini?

Kula mlo mkuu mchana, kama vile wali au ugali na maharage, samaki na mboga. Saa kumi na moja jioni, pata kitu chepesi: ndizi, viazi vitamu au mayai. Baada ya darasa la mwisho, kula kidogo. Anayejaza tumbo kwa chipsi saa nne usiku na kulala saa tano huenda akaamka na kiungulia, na tindikali ikipanda hadi kooni huzidisha mkwaruzo wa sauti uliotajwa hapo juu.

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi. Kafeini ya kahawa uliyokunywa saa kumi na mbili jioni huwa bado iko mwilini kwa takribani nusu ifikapo saa tano usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vina kafeini. Ujumbe wa wazazi ujibiwe asubuhi, na saa hizo ziandikwe kwenye tangazo la studio.

Siku hizi nawachukia hata wanafunzi ninaowapenda. Je, ni ugonjwa?

Shirika la Afya Duniani linaiweka hali ya kuzimwa na kazi, yaani uchovu mkubwa unaotokana na kazi (kwa Kiingereza burnout), miongoni mwa matatizo yanayotokana na ajira, wala si ugonjwa. Alama zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona kwamba hufanikishi chochote. Lakini huzuni ikikufuata hata siku za mapumziko, au ukifikiria kujidhuru, mwone daktari au mshauri siku hiyo hiyo.

Nikipumzika, nani atalipa kodi ya jengo?

Pumziko lipangwe kabla ya karo kutozwa. Andika kwenye fomu ya kujiunga kwamba muhula una wiki moja isiyo na madarasa. Mzazi aliyeisoma Januari hatadai fedha zake Aprili. Mfundishe msaidizi mmoja kuendesha darasa la wanaoanza, hata kama ni mara moja tu kwa wiki. Kwa walio Kenya, SHA, mamlaka inayosimamia bima ya afya ya umma, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa bima uliokuwapo awali, tarehe 1 Oktoba 2024, na aliyejiajiri huchangia asilimia 2.75 ya kipato cha kaya, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mchango wa aliyejiajiri hulipwa kwa mwaka mzima mapema, kwa hiyo uingize kwenye bajeti ya studio pamoja na kodi na umeme.