Ukibadilisha ndege Narita, umefika Japani au hujafika?

Chukua Mkenya anayeishi Chicago, mwenye tiketi ya kwenda Bangkok kupitia Narita, mmoja wa viwanja vya ndege vya Tokyo. Pasipoti yake ni ya Kenya, na Japani humtaka mwenye pasipoti hiyo awe na viza. Yeye hana. Ndege inatua, anashuka, anafuata vibao vya abiria wanaounganisha safari za kimataifa, anapitisha begi lake kwenye mashine ya ukaguzi, anatafuta geti lake na kuketi kusubiri. Baada ya saa chache yuko hewani tena. Hakuna afisa wa uhamiaji aliyemuuliza neno, na pasipoti haikupata muhuri wa Japani. Je, mtu huyu alifika Japani?

Jibu linalopendwa ni kwamba hakufika. Watu husema eneo la transiti ni nchi isiyo na mwenyewe: umetoka Marekani, hujaingia Japani, uko katikati, na ndiyo maana hudaiwi viza. Ni jibu tamu na lina ushahidi wake wa macho. Muhuri hakuna. Maduka hayatozi kodi. Na karibu kila msafiri amewahi kusikia habari za yule Mwirani aliyeishi katika uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, tangu 1988 hadi 2006, kana kwamba alikuwa ameangukia katika ufa uliopo kati ya nchi na nchi.

Ushahidi huo wote una maelezo mengine. Tuanze na maduka. Bidhaa pale haitozwi kodi kwa sababu inahesabiwa kuwa inatoka nje ya nchi pamoja na mnunuzi. Msamaha umefungwa kwenye safari ya chupa, haukufungwa kwenye sakafu ya duka. Japani hutoza kodi ya matumizi ya asilimia 10, na inaisamehe palepale kwa hiari yake. Nchi haiwezi kusamehe kodi mahali ambapo haina mamlaka ya kuitoza.

Kisha polisi. Mtu akiiba saa dukani baada ya kupita uhamiaji wa Narita, atakamatwa na polisi wa Japani na kushtakiwa kwa sheria ya Japani. Yule Mwirani wa Paris naye hakuwa nje ya Ufaransa hata siku moja. Alikuwa Ufaransa, akiwa na tatizo la karatasi.

Na kuna kesi ambayo inafaa ijulikane zaidi huku kwetu, kwa kuwa waliohusika ni majirani. Mwaka 1992 ndugu wanne wa Kisomali walitua uwanja wa Orly, Paris, wakitokea Syria. Walizuiliwa siku 20 katika kile kilichoitwa eneo la kimataifa la uwanja, kisha wakarudishwa Syria. Mwaka 1996 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Ufaransa ilikuwa imewanyima uhuru kinyume cha haki, na ikasema wazi kwamba eneo hilo, licha ya jina lake, haliko nje ya nchi. Uamuzi huo haufungi mikono ya Japani, ambayo haimo katika mahakama hiyo. Lakini hoja yenyewe inasafiri vizuri: ukiweza kumfungia mtu mahali, basi mahali hapo pako chini ya mamlaka yako.

Basi Mkenya wetu alikuwa Japani. Kwa nini hakudaiwa viza?

Hapa ndipo sheria ya Japani inapofurahisha, kama sheria za uhamiaji zinaweza kufurahisha. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1951, wakati mgeni wa kawaida alikuwa bado anakuja kwa meli, na harufu ya bandari haijaitoka mpaka leo. Inagawa ujio wa mgeni katika hatua mbili. Ya kwanza ni kuingia: chombo chako kikishavuka na kuwa ndani ya maji au anga la Japani, umeingia, na kwa hatua hiyo unatakiwa uwe na pasipoti halali. Ya pili ni kushuka nchi kavu, na kushuka ni mpaka upewe ruhusa na afisa wa uhamiaji. Abiria wa meli iliyotia nanga Yokohama ameingia Japani lakini hajashuka. Abiria wa Narita anayesubiri ndege ya Bangkok yuko vivyo hivyo, ingawa miguu yake imekanyaga zulia lililotandikwa juu ya saruji iliyomwagwa juu ya udongo wa mkoa wa Chiba. Kisheria bado yumo melini.

Viza inahusu hatua ya pili. Asiyeomba kushuka haulizwi viza.

Ukitaka kuliona jambo hili bila meli, fikiria baraza la nyumba ya Lamu au ya Mji Mkongwe, lile la mawe lililo mbele ya mlango. Mgeni hukaribishwa pale, akaletewa kahawa, akapiga soga, akaaga akaenda zake bila kuingia ndani. Lakini baraza si barabara. Limejengwa kwenye kiwanja cha mwenye nyumba, na mgeni akileta fujo atakayemtimua ni mwenye nyumba. Ruhusa ya kuketi anayo. Ruhusa ya kuvuka kizingiti hana, mpaka apige hodi aitikiwe. Na barazani hapohapo huenda akamkuta mtu mwingine aliyelala ndani usiku kucha, ameshaaga, anangoja gari tu. Wawili hao wanakunywa kahawa ya birika moja. Mmoja hajaingia, mwingine ameshatoka, na wote wawili wako kwa mwenye nyumba.

Ndivyo lilivyo eneo la mageti la Narita, na ndivyo lilivyo pia la viwanja vya Haneda na Kansai. Mjapani anayekwenda likizo Thailand amepita kwa uhamiaji na kurekodiwa kuwa ameondoka. Mkenya wetu hajarekodiwa kuwa ameshuka. Wanakaa viti vinavyopakana, na kati yao hakuna hata mmoja ambaye, kwa vitabu vya uhamiaji, yumo nchini. Ukiwahesabu wote waliomo mle ndani wakati wa jioni, ni umati wa maelfu walio Japani bila kuwa Japani.

Baraza hili linawezekana kwa sababu ya ramani ya jengo. Japani humkagua mtu anapotoka nchini kama inavyomkagua anapoingia, kwa hiyo eneo lililo nyuma ya madawati ya uhamiaji wa kutokea lina wasafiri wa kimataifa peke yao. Kumwingiza humo mtu ambaye hajashuka hakuvurugi chochote, maana mlango pekee uliobaki mbele yake ni wa ndege. Marekani haikujengwa hivyo. Hakuna dawati la uhamiaji wa kutokea, na katika viwanja vingi geti la ndege ya London huwa jirani na geti la ndege ya Dallas. Anayeshuka pale kutoka ng'ambo lazima apite uhamiaji, hata kama anapita tu kwa muda mfupi, na utaratibu uliokuwa ukiruhusu baadhi ya abiria kupita bila viza ulisimamishwa Agosti 2003. Kwa hiyo yule anayesema "viza haihitajiki kwa transiti" kwa sababu alipita Narita salama, anaweza kukwama vibaya akirudia maneno hayo kwa safari ya kupitia Los Angeles.

Ukaguzi wa begi katikati ya safari hauna uhusiano na mpaka, ingawa wengi huudhani kuwa ndiyo uhamiaji wenyewe. Kanuni za kimataifa za usalama wa anga zinaitaka nchi imkague tena abiria anayebadilisha ndege, isipokuwa kama imejiridhisha kwamba ukaguzi wa kule alikotoka unalingana na wake. Ndiyo sababu maji uliyouziwa halali baada ya ukaguzi wa Chicago huishia kwenye pipa la Narita. Vimiminika vinavyozidi mililita 100 vimezuiwa kwenye safari za kimataifa kutoka Japani tangu Machi 2007. Manukato ya dukani husalimika kama yamo kwenye mfuko maalumu uliofungwa na risiti ndani yake; ukiufungua njiani ili uyanuse, umeyaaga.

Sasa, baraza lina mipaka yake, na hapo ndipo watu huumia.

Mzigo kwanza. Ukiwa na tiketi mbili ulizozinunua mbalimbali, na shirika la kwanza likakataa kuunganisha begi lako hadi mwisho wa safari, begi litapelekwa kwenye mkanda wa mizigo, na mkanda uko upande wa pili wa uhamiaji. Furushi limeingizwa ndani ya nyumba, wewe umebaki nje. Huwezi kulifuata bila kushuka, na kushuka kunataka viza kwa mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania. Mwenye begi la mkononi tu, kwa tiketi hizohizo mbili, anaweza kupita bila shida kama shirika la pili lina dawati upande wa ndani.

Pili, Tokyo ina viwanja viwili vikubwa, na tovuti za tiketi hupenda kuvifanya kimoja. Narita uko kama kilomita 60 mashariki mwa katikati ya jiji, Haneda uko ukingoni mwa ghuba, karibu na mjini. Ratiba inayosema unatua Narita na kuondokea Haneda inakutaka uvuke eneo zima la Tokyo kwa basi au treni, zaidi ya saa moja hata foleni ikiwa nzuri. Hakuna njia ya ndani. Ni kushuka kamili, kwa viza. Kusoma herufi tatu za uwanja kwenye tiketi, NRT au HND, kabla ya kulipa kunachukua sekunde, na bado ni kosa linaloendelea kugharimu watu safari nzima.

Tatu, anayeunganisha kwenda Sapporo au Fukuoka hakai barazani hata kidogo. Safari ya ndani ya nchi huanzia ndani ya nchi. Atapita uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza, kwa kawaida atachukua begi lake, atalipitisha forodhani na kulikabidhi upya, hata kama lebo yake imeandikwa mji wa mwisho.

Usiku nao una hesabu yake. Haneda hufanya kazi saa 24. Narita ulifunguliwa Mei 1978 kwa mbinde, baada ya miaka ya mapambano na wakulima wa eneo hilo. Miezi miwili kabla waandamanaji walikuwa wamevamia mnara wa kuongozea ndege na kuvunja mitambo. Makubaliano na wakazi kuhusu kelele yamebaki, na ndege hazipangiwi kuruka wala kutua usiku wa manane. Anayetua jioni na kuondoka asubuhi aliulize shirika lake kabla ya safari kama ataruhusiwa kulala ndani, kwani jibu hutegemea jengo na shirika.

Kwa aliyenaswa bila viza, sheria ile ya kimeli ina kipengele kilichobaki: ruhusa ya kushuka karibu na bandari kwa muda usiozidi saa 72. Si abiria anayeiomba. Kwa maandishi ya sheria, anayemwombea ni nahodha wa chombo au kampuni yenye chombo, na siku hizi maana yake ni mhudumu wa shirika la ndege aliyesimama dawatini na fomu mkononi. Afisa wa uhamiaji anaweza kukubali au kukataa. Shirika nalo lina sababu ya kusita, kwa kuwa likimleta abiria asiyeruhusiwa kushuka, gharama ya kumrudisha ni juu yake. Kwa hiyo mara nyingi swali la viza ya Japani huulizwa na kuamuliwa Chicago, kwenye kaunta ya kukabidhi mizigo.